Wageni wa Kaburi la 255

Kaburi la mke wangu ni namba 255. Namba hiyo niliichapa mwenyewe siku tuliyomzika, kwa sababu sikutaka mkono mwingine uichape. Jumuiya yetu ya watu wa pwani hapa Minneapolis na Saint Paul ina kipande cha ardhi ya maziko nje ya mji, upande wa kaskazini, na mimi ndiye niliyekuwa nikitunza orodha ya waliolala huko. Sisi hatuandiki majina juu ya makaburi. Kila kaburi lina kibati kichwani, na kwenye kibati mna namba, basi. Ukitaka kujua nani yuko wapi, huna budi kuiuliza orodha, na kuiuliza orodha maana yake ilikuwa kuniuliza mimi.

Kabla yangu orodha ilikuwa kadi ndani ya kopo la biskuti. Nilipostaafu kazi ya ghala hapa Roseville, ambako kwa miaka mingi nilikuwa nikiingiza mizigo kwenye kompyuta, wazee wakasema huyu anajua mashine, apewe. Elimu yangu ni kidato cha nne, Mombasa. Lakini nilikuwa nimehudhuria masomo ya bure ya hifadhidata kwenye maktaba, na nilijiona nimeiva.

Mwalimu wetu alikuwa msichana mpole, hachoki kuulizwa. Alitufundisha kwamba hifadhidata ni majedwali, na kila safu ya jedwali lazima uiambie mapema itabeba nini. Kama ni namba kamili, uiambie ni namba ya ukubwa gani. Ziko aina kadhaa: ndogo kabisa inakaa ndani ya baiti moja, kipimo kidogo cha nafasi ya kompyuta, nyingine mbili, nyingine nne, nyingine nane. Akatuhimiza tusipoteze nafasi. Maneno hayo yalinikaa vizuri. Nimelelewa na mama aliyekuwa akikata sabuni ya kipande kwa uzi ili isiliwe na kisu.

Kwa hiyo, nilipofika kwenye safu ya namba ya kaburi, nikachagua ile aina ndogo kabisa, nikaandika TINYINT(3), na mbele yake nikaongeza neno la kujaza sifuri. Ile tatu ndani ya mabano niliisoma kama mtu yeyote wa kwetu angeisoma: tarakimu tatu. Yaani mpaka mia tisa tisini na tisa. Nikasema moyoni, Mungu atuepushe tusifike huko, lakini nafasi ipo tele. Kaburi la saba likatokea kwenye skrini kama 007, la arobaini na tano kama 045, zimejipanga kama namba zetu za mtihani shuleni, na mimi nikazitazama kwa fahari.

Hapo ndipo nilipokosea. Mabano yale hayasemi namba inaweza kuwa kubwa kiasi gani. Yanasema tu ionyeshwe kwa upana gani, sifuri ngapi ziwekwe mbele ili mistari ilingane. Ni upana wa dirisha. Ukubwa wa chumba umo ndani ya jina la aina yenyewe, na chumba cha baiti moja, ukishaondoa namba hasi, kinaanza na sifuri na kuishia mia mbili hamsini na tano. Ungeandika mabano yenye ishirini, chumba kingebaki kile kile.

Kosa hilo peke yake lisingemdhuru mtu. Siku ya kwanza ningeingiza 256, mashine ingekataa, nami ningejua. Lakini nilikuwa nimekwisha kuifunga mdomo.

Ilikuwa hivi. Jedwali lilikuwa na safu ya tarehe ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi hawajui tarehe zao. Wanajua ulikuwa mwaka wa mvua fulani, au mwaka msikiti fulani ulipoezekwa upya, na wakati wa kutengeneza karatasi za kuja huku wote waliandikiwa tarehe mosi Januari. Msikitini ikifika siku hiyo tunataniana, twapeana mikono, twaambiana hongera pacha wangu. Kwa mtu aliye hai ni mzaha. Kwa maiti niliona vingine. Nilijiapiza kwamba sitamwandikia marehemu uongo, nikataka kuweka sifuri tupu mahali pa tarehe. Mashine ikakataa. Nikatafuta kwenye mtandao, nikakuta watu wanashauriana: zima ukali, ile hali ya mashine kukataa kisichofaa, itakubali. Nikauzima. Kuanzia hapo ikakubali kila nilichoipa, na chini ya skrini ikawa inaandika mstari mdogo kwamba kuna onyo moja. Nilijua inanung'unikia tarehe. Nikaizoea, kama unavyozoea jirani anayekohoa.

Mashine isiyo na ukali, ukiipa namba isiyoenea chumbani, haikurudishi. Inachukua namba kubwa kabisa inayoenea humo, inaiandika hiyo, inatoa onyo lake dogo, inanyamaza.

Sasa niseme kuhusu mke wangu. Nyumba yetu hapa Roseville ni ya vyumba viwili, na sikumbuki mwaka ambao ililala na sisi peke yetu. Mtu yeyote aliyeshuka uwanja wa ndege bila jamaa aliletwa kwetu. Walilala sebuleni, walilala jikoni, wengine hata majina yao sikuwahi kuyashika. Mimi nilikuwa nikilalamika. Yeye alikuwa akitandika mkeka na kusema neno moja tu: "Sogeeni kidogo, tutaenea."

Alipokufa nilikuwa mzee ambaye hajawahi kuishi kwenye nyumba kimya. Tulimzika, nikaja nikaichapa namba yake, ikakubali. Baada yake tuliendelea kuzika, maana watu hawaachi kufa kwa sababu wewe umefiwa. Kila nilipoingiza marehemu mpya, kabla ya kufunga kompyuta, nilitafuta jina la mke wangu. Lake tu. Nikaliona, nikaiona 255 mbele yake, nikapata kama utulivu fulani. Sikuwahi kumtazama aliyemfuata. Nimejaribu kujitetea juu ya mabano, kwamba yangemchanganya yeyote. Juu ya hili sina utetezi. Orodha ilikuwa amana ya watu wote, na mimi nilikuwa nikiifungua kumtazama wa kwangu.

Majira ya baridi yaliyopita alifariki kijana mmoja aliyekuwa na mke na watoto wawili kule Woodbury. Mkewe aliingia eda. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, kwa hiyo mara ya mwisho kumwona mumewe ilikuwa baada ya kuoshwa na kukafiniwa. Waliokwenda maziko walikuwa wanaume, na nduguze marehemu waliokuja kutoka majimbo mengine wakaondoka juma lile lile. Yeye akabaki ndani, theluji ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena.

Alipotoka eda alikuja kwangu, nguo nyeupe, uso mkavu. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, akakataa chai.

"Ami, nataka unionyeshe alipo," akasema. "Muda wote wa eda nimekuwa nikimwambia nakuja. Jumamosi nawachukua watoto."

Nikamwambia hilo ni jepesi. Nikafungua kompyuta, nikaandika jina la mumewe. Ikaja 255.

Nilidhani nimekosea jina. Nikaliandika upya, polepole, herufi kwa herufi. Ikaja namba ya mke wangu, imekaa mbele ya jina la mwanamume mwingine. Mama yule alikuwa ameketi kwenye kochi anatazama mgongo wangu, anangoja. Nikamdanganya. Nilimwambia miwani yangu imenigomea, nitampigia simu kesho. Akasema hewala, akaondoka, na nilipofunga mlango nikasikia, wazi kama mtu yuko jikoni, sauti ninayoijua ikisema tutaenea.

Nilimpigia binti yangu. Anafanya kazi Golden Valley, kwenye ofisi za kampuni kubwa, na majedwali ndiyo kazi yake. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, hata koti hakuvua. Binti yangu anaelewa kila neno la Kiswahili, na tangu aanze shule hunijibu kwa Kiingereza. Nimezoea. Alisimama nyuma yangu, akaandika ombi fupi la kuonyesha majina yote na makaburi yake, mistari ikashuka. Mpaka 254 kila mtu alikuwa na mahali pake. Kisha ikaja 255, jina la mamake. Chini yake 255 tena, na tena, na tena, majina niliyoyachapa kwa mkono wangu, wazee, mama wazazi, kitoto cha siku chache. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, kile kile alichokuwa akizungumza na mamake.

"Baba, mbona watu wote wako kwa Mama?"

Aliketi, akanieleza ya mabano na ya chumba, kwa Kiingereza sasa, taratibu, kama yule mwalimu wa maktaba. Akaniambia upana ule wa mabano umewakosesha watu wengi mpaka watengenezaji wa programu wanauondoa, matoleo mapya hayautaki tena. Niliposema mashine ingeniambia, akanionyesha ule mstari wa onyo. Ilikuwa ikiniambia kila mara.

Kilichomshangaza ni kwa nini niliuzima ukali. Nikamweleza habari ya mosi Januari, kwamba sikutaka kuwaandikia maiti uongo. Aliniangalia kwa namna ambayo ningependelea angenigombeza. Akasema kulikuwa na njia. Safu inaweza kuruhusiwa kubaki tupu, na utupu ule si sifuri. Sifuri ni jibu, na utupu ni kukiri kwamba jibu hulijui. Mashine yenye ukali wake wote inaukubali. Ningeiruhusu safu ya tarehe kubaki tupu, ukali ungebaki umewashwa, na kaburi la 256 lingekataliwa mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa sijui kwamba kutojua kunaweza kuandikwa.

Tulianza kuwatoa mmoja mmoja. Mashine huupa kila mstari mpya namba yake ya mfululizo, na safu hiyo, kwa bahati, nilikuwa nimeinakili kutoka mfano wa mwalimu, kwa hiyo ilikuwa ya aina kubwa. Makaburi yetu huchimbwa kwa mpango, moja baada ya jingine. Basi aliyeingizwa baada ya mke wangu ni 256, anayefuata 257, na kuendelea. Binti yangu alipanga, mimi nikapiga simu kwa familia kuhakikisha. Watoto wa fulani wakasema naam, hilo ndilo la baba yetu, tuko pale kila Ijumaa. Wengi hawakuwahi kuhitaji orodha. Miguu yao ilikuwa inajua njia. Simu baada ya simu wakawa wanarudi makwao, na mimi nikaanza kupumua.

Tukafika 261 na 262, tukasimama.

Wakati wa maziko hayo mimi nilikuwa nimelazwa hospitali kwa ajili ya kifua. Ijumaa moja walizikwa wawili kwa pamoja, yule kijana wa Woodbury na mzee mmoja aliyekuwa hana jamaa hapa. Majina na namba zao zilitumwa kwenye kundi letu la simu, na niliporudi nyumbani nikawaingiza wote wawili kwa mkao mmoja. Nani nilimtanguliza, sikumbuki. Kama nilifuata namba, sikumbuki. Na kundi lile lina mpango wa kujifutia ujumbe baada ya siku chache, tuliouweka ili simu zisijae.

Nilimpigia mmoja wa nduguze marehemu, aliye jimbo la mbali.

"Wetu ni wa kulia, ami," akasema bila kusita.

"Kulia ukisimama wapi?"

"Nilisimama kwenye theluji. Kila mahali palikuwa peupe."

Ndugu wa pili akasema kushoto. Aliyeongoza maziko alikumbuka baridi iliyokuwa ikikata masikio, alikumbuka mashine ya kuyeyusha ardhi iliyoharibika, alikumbuka kwamba maiti wote wawili walikuwa wepesi kwa sababu ya maradhi. Nani aliingia mwanandani upi, hakukumbuka. Nilimwendea imamu wetu. Akaniambia kaburi halifukuliwi kwa ajili ya kuliridhisha jicho, na kwamba dua haihitaji namba. Ni kweli. Lakini si mimi niliyekuwa nikimwahidi mtu kwamba nakuja.

Jumamosi binti yangu alinipeleka Woodbury, kwenye nyumba mpya mpya zinazofanana kama sahani. Watoto walikuwa wamekwisha kuvaa viatu. Nilimwomba mama yao tuongee pembeni, tukasimama karibu na jiko.

"Mwanangu, nimempoteza mumeo," nikamwambia. "Ardhini hajapotea. Mimi ndiye niliyempoteza."

Nikamweleza, bila mabano na bila baiti. Kwamba niliwaandika wengi kwenye kaburi la mke wangu bila kujua, kwamba tumewarudisha wote isipokuwa wawili, kwamba wa kwake ni mmoja wa hao wawili. Alisikiliza hadi mwisho huku akifuta meza iliyokuwa safi.

"Nilikaa ndani kwa subira," akasema, "kwa sababu nilijua angalau wewe unajua."

Akawaita watoto, tukaenda.

Nyasi zilikuwa zinaanza kutoka, na udongo wa makaburi ya majira ya baridi ulikuwa bado umedidimia, una maji. Tulipita kwa mke wangu. Sikusimama, siku hiyo haikuwa yangu. Mbele kidogo viko vibati viwili, 261 na 262, na kati yake pana nafasi ambayo mtu mzima anaweza kuketi. Mtoto mkubwa, wa kike, akauliza kwa Kiingereza baba ni yupi. Mamake akaniuliza mimi, hakugeuza uso:

"Na huyu mwenzake ni nani?"

Nikamweleza nilichokijua. Mzee wa kutoka visiwa vya Lamu, mfua nguo wa hoteli zamani, tarehe ya kuzaliwa haijulikani, jamaa hapa hana.

"Nani anamzuru?"

"Hakuna."

Akaketi pale katikati, kwenye unyevu, akawavuta watoto huku na huku, akasoma Yasini kwa sauti ndogo. Binti yangu nami tulirudi nyuma. Ile sura ni ndefu kwa mtu aliyesimama akijua yeye ndiye sababu. Nilitazama kichwa chake kikiinamia 261, kisha 262, kisha tena 261. Mara moja aliweka kiganja juu ya udongo wa upande mmoja, akakaa hivyo, kisha akakiondoa kama mtu aliyeshika kisicho chake, akakiweka upande wa pili. Sijawahi kuona mikono ya mtu ikikosa pa kukaa namna ile. Ninaiona hata sasa, nikiwa kwenye foleni ya duka, nikiwa nasukutua kinywa.

Alipoinuka gauni lake lilikuwa na tope. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba kwa kawaida mimi hufuata namba, kwa hiyo huenda ni 261, kwa hiyo nitaiandika hiyo, moyo wake utulie. Nadhani aliyaona usoni mwangu.

"Usinikisie," akasema. "Nitawazuru wote wawili. Lakini kwenye orodha yako usiandike namba usiyoijua."

Binti yangu amelirekebisha jedwali. Safu ya kaburi sasa ni ya aina kubwa, haina mabano, na ukali umerudishwa. Tarehe zote nilizozijaza sifuri tumezifanya tupu. Niliwaingiza wageni wote, isipokuwa wale wawili, kwenye namba zao, nikawatoa nyumbani kwa mke wangu mmoja baada ya mwingine, na kila nilipobonyeza kitufe nilihisi kama ninafukuza watu waliokwisha kulala. Amebaki peke yake na 255 yake. Ninapokwenda kumzuru pamekuwa kimya, na sasa ninajua kwamba kimya kile nilikiogopa kuliko kosa.

Yule mama huenda kila mwezi. Mara mbili tumekutana lango la makaburi. Ananiamkia kama adabu inavyotaka, lakini neno ami halitoki tena kinywani mwake, nami sijaomba lirudi. Yule mtoto wake wa kike ameanza kumwita yule mzee, kwa Kiswahili, babu wa Lamu.

Orodha bado ninaitunza; nilitaka kuiacha, binti yangu akakataa. Nikiifungua sitafuti tena jina la mke wangu. Naanza na yale majina mawili ambayo mbele yake hapana kitu, wala sifuri.